Wanubi wa Kibera: wenyeji wanaoulizwa kwao ni wapi

Desemba inapokaribia, jiji la Nairobi huanza kupungua watu. Akina mama hufunga mizigo, akina baba hupiga hesabu ya nauli iliyopanda, na watoto huambiwa kwamba wanakwenda nyumbani kuwaona nyanya na babu. Hata mtu aliyezaliwa Pumwani na kusomea Eastleigh ana nyumbani kwingine, huko Siaya, Murang'a, Vihiga au Makueni. Akiulizwa kwao ni wapi, hataji Nairobi hata siku moja.

Kuna wakazi wa jiji hili, hata hivyo, wasio na basi la kupanda. Hao ni Wanubi wa Kibera. Si kwa sababu wao ni Waislamu na Krismasi haiwahusu, la. Ni kwa sababu hawana kwingine pa kwenda. Ukimwuliza Mnubi wa Makina kwao ni wapi, atakujibu kwamba ni Makina. Jibu hilo, ambalo mbele ya msomaji halina ajabu yoyote, limewaletea watu hawa zaidi ya karne moja ya ufukara, kesi na, mara nyingine, umwagikaji wa damu.

Wengi wetu tunaijua Kibera kwa mambo mawili tu: mabanda na fujo. Mapaa yake ya mabati yenye kutu yamepigwa picha na kila mgeni aliyewahi kutua Nairobi, na uchaguzi unapozua zogo, wapiga picha hukimbilia huko kabla ya kwingine kokote. Hata idadi ya wakazi wake imetiwa chumvi mno. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ni watu milioni moja, mpaka hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipopata 170,070. Ni wachache wanaojua kwamba jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wakati Wanubi walipopewa mahali hapo, msitu ndio uliokuwapo.

ASKARI WA WATU WENGINE

Asili ya kisa hiki iko mbali, katika jimbo la Equatoria, kusini mwa nchi ya Sudan ya zamani. Jimbo hilo lilikuwa chini ya Misri, na gavana wake alikuwa Mjerumani aliyejiita Emin Pasha. Khartoum ilipotekwa na wafuasi wa Mahdi mwaka 1885, Emin na askari wake walikatwa na dunia. Henry Morton Stanley alikuja kumchukua gavana huyo na kumpeleka pwani mwaka 1889, lakini askari wengi walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert, pamoja na wake zao, watoto wao na watumishi wao, bila mshahara na bila serikali.

Huko ndiko Kapteni Frederick Lugard alikowakuta mwaka 1891, wakiongozwa na Selim Bey. Lugard alihitaji jeshi la kuishikilia Uganda kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na hawa walikuwa askari tayari. Akawaandikisha. Hawakuwa kabila moja. Walikuwamo watu wa makabila mengi ya kusini mwa Sudan na wa nchi ambayo leo ni Kongo, waliounganishwa na kambi, dini ya Kiislamu na Kiarabu cha jeshini, ambacho baada ya muda kiligeuka kuwa lugha yao wenyewe, Kinubi. Ukipita Kibera leo utasikia majina ya vijiji kama Kambi Lendu na Kambi Aluru. Walendu na Waaluru ni watu wa Ituri, huko Kongo, na majina yao yalifika Nairobi mgongoni mwa askari.

Tusiwapake rangi ya malaika. Askari hawa ndio waliotumiwa na Waingereza kuwatiisha watu wa Uganda na wa nchi hii, na jambo hilo halijasahauliwa na kila mtu. Lakini nao hawakutendewa haki. Mwaka 1897 waliasi, wakilalamikia safari zisizo na mwisho, malipo duni na kutenganishwa na wake zao. Maasi hayo yalizimwa kwa taabu. Baadaye, mwaka 1902, kilipoundwa kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, Wanubi walikuwa nguzo yake. Walipigana na Wajerumani huko Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wana wao wakapigana katika vita vya pili.

Sasa askari akistaafu aende wapi? Kwao kulikuwa mbali na wengi hawakukujua tena. Kuanzia mwaka 1904 hivi wakuu wa jeshi wakaanza kuwaruhusu kujenga na kulima kwenye msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi. Kila mmoja alipewa kibali kilichoitwa shamba pasi. Mwaka 1918 serikali ya mkoloni ikatangaza rasmi eneo hilo, ekari 4,197, kuwa hifadhi ya jeshi. Hakukuwa na kiinua mgongo cha kutajika. Msitu ndio uliokuwa kiinua mgongo.

Kosa lote limo katika kile kibali. Shamba pasi ilimruhusu mtu kukaa, haikumpa ardhi. Mwaka 1928 Kibera ilipotolewa mikononi mwa jeshi na kupewa maafisa wa kiraia, waungwana hao walitazama vitabu vyao na kuona kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1932 na 1934, ilikubali kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuwarudisha askari hao kwao au kuwatafutia makao. Wajibu huo haukutimizwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Fikra ya mkoloni ilikuwa rahisi. Kila Mwafrika alikuwa na kabila lake, na kila kabila lilikuwa na hifadhi yake. Mkikuyu alikuwa na yake, Mluo yake, Mkamba yake. Mnubi hakuwamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, kwa macho ya serikali, alikuwa mtu asiye na kwao, na mtu asiye na kwao hapewi ardhi.

Wasioruhusiwa kujenga kwa mawe walijenga kwa udongo. Wasiokuwa na ajira walitafuta njia nyingine. Miongoni mwa wanawake wa Kinubi kulikuwa na mafundi wa kutengeneza pombe kali iliyopata sifa Nairobi nzima kwa jina la jini ya Kinubi, na fedha za chupa hizo ndizo zilizolipa karo za watoto wengi na kujenga vyumba vya kwanza vya kupangisha, ingawa polisi hawakukoma kuwasaka. Kinaya hakikosekani hapo, kwa maana hao ni watu wa msikiti. Hata hivyo, tumbo halina likizo.

KODI NA MAPANGA

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ekari zile ziligeuka kutoka ardhi ya Mfalme na kuwa ardhi ya serikali ya Kenya, kisha zikaanza kumegwa. Msomaji anayeishi katika mitaa ya Otiende, Ngei, Onyonka, Fort Jesus, Ayany au Jamhuri anaishi juu ya ile hifadhi ya askari. Nyumba hizo za mawe zilipojengwa, familia za Kinubi ziliondolewa, na ni chache zilizopata nyumba ndani yake. Waliobaki walisukumwa kwenye mabonde.

Wakati huo huo, watu walimiminika Nairobi kutoka mashambani kutafuta kazi katika viwanda na majumba ya watu. Walihitaji chumba cha bei nafuu karibu na kazini, na Kibera ilikuwa karibu. Mnubi aliyekuwa na kiwanja akaongeza vyumba. Naye mwenye fedha kutoka nje alikwenda kwa chifu, akapata ruhusa ya mdomo, naye akajenga vyake. Wenye nyumba wa Kibera wakawa wa makabila mengi, lakini Mnubi ndiye aliyekuwa akionekana, kwa maana yeye aliishi papo hapo pamoja na wapangaji wake.

Hebu tukitazame chumba hicho. Ni futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, paa la mabati. Hakina choo, hakina maji, na stima ni ya kuibia. Mpangaji anauliza: nalipia nini? Swali lake ni la haki. Mwenye nyumba naye anajibu kwamba hawezi kujenga vizuri, kwa kuwa ardhi si yake kisheria, benki haiwezi kumkopesha, na tingatinga laweza kuja kesho. Naye anasema kweli. Hapo pana maskini wawili, mmoja akiwa na mabati kidogo kuliko mwenzake, na mwenye ardhi hasa, yaani serikali, hayupo chumbani.

Mwishoni mwa Oktoba 2001 serikali hiyo ilifika. Rais Daniel arap Moi, akiwa Kibera, alisema kwamba kodi za nyumba zilikuwa juu mno na zipunguzwe. Raila Odinga, ambaye wakati huo alikuwa Mbunge wa Langata na waziri katika serikali hiyo, alikuwa na msimamo uo huo. Huenda nia ilikuwa njema. Lakini hakuna aliyesema zipunguzwe kwa kiasi gani, nani atasimamia, wala mjane anayekula kutokana na vyumba vyake vitatu atakula nini. Wapangaji walisikia amri ya Rais, wenye nyumba wakasikia tangazo la vita.

Wiki chache zilizofuata zilikuwa za vitisho, milango kung'olewa na makundi ya vijana kurandaranda. Mapema Desemba, katikati ya mfungo wa Ramadhani, mambo yalilipuka. Wengi wa wapangaji walikuwa Waluo na wengi wa wenye nyumba waliokuwapo walikuwa Wanubi, kwa hiyo ugomvi wa kodi ulivaa nguo ya kabila kwa usiku mmoja. Mapanga, mawe na moto vilitumika. Zaidi ya watu kumi waliuawa, nyumba ziliteketezwa na maelfu ya wakazi walikimbia, akina mama wakiwa wamebeba magodoro vichwani. Polisi wa kutuliza ghasia walimwagwa mitaani. Vifo vilipohesabiwa, hati za ardhi zilikuwa pale pale zilipokuwa mwaka 1918.

Magazeti mengi yaliandika juu ya vita vya kikabila. Mwandishi huyu anaona kwamba neno hilo liliwaokoa wakubwa. Mluo na Mnubi wa Kibera walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, wakaoana, na timu zao za kandanda zikachanganyika. Kilichowagonganisha ni kwamba mmoja alikuwa akimlipa mwenzake kodi ya kipande cha ardhi ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na karatasi yake.

Ghasia zilirudi kwa sura nyingine baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati soko la Toi lilipochomwa na reli inayopita Kibera ikang'olewa. Julai 2018 tingatinga lilifika kweli, kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, na maelfu ya watu, Wanubi na wasio Wanubi, wakalala nje. Shule pia zilibomolewa, wanafunzi wakisimama kando wakitazama.

KUPIGWA MSASA

Ardhi ni nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ni kitambulisho.

Chukua mfano wa kijana wa Kibera aliyetimiza miaka 18. Wenzake wa darasa moja, wenye majina ya Kamau, Otieno au Mutua, walikwenda kwa chifu na vyeti vyao vya kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, wakapigwa picha, wakaweka alama za vidole na kungoja wiki kadhaa. Kijana wa Kinubi alitakiwa kufanya hayo yote na kuongeza jambo moja: kufika mbele ya kamati ya kupigwa msasa. Kamati ilikutana siku maalumu, si kila siku. Ilikuwa na maafisa wa serikali na wazee. Ilimtaka aonyeshe kwamba yeye ni Mkenya kwa kuleta stakabadhi za wazazi, na mara nyingi hata za babu na nyanya.

Fikiria, msomaji, kama ungeambiwa leo ulete karatasi za nyanya yako aliyezaliwa kabla ya Uhuru. Wangapi wetu tungepita? Na nyumba ya udongo iliyoungua mwaka 2001 iliungua pamoja na masanduku yaliyokuwamo.

Bila kitambulisho kijana huyo hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya benki. Hakuweza kupiga kura, kuandikwa kazi ya heshima, kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu, au hata kupita lango la jengo la serikali ili akaulize kitambulisho chake kimefikia wapi. Polisi wakifanya msako usiku, yeye ndiye wa kwanza kupanda gari. Wengine walisubiri miezi, wengine miaka. Mvulana aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne alijikuta akisukuma mkokoteni, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa kadi. Ufukara wa namna hii hauonekani katika picha za watalii.

Na ajabu ni kwamba sheria haikuwa kinyume chao. Katiba ya Uhuru ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja tarehe 12 Desemba 1963. Wanubi wengi sana wa Kibera walitimiza sharti hilo, wengine mara mbili. Kilichowazuia ni fomu, ile inayouliza wilaya, tarafa na kata ya nyumbani, na karani aliyeshika kalamu asiyeamini kwamba Kibera yaweza kuwa nyumbani kwa mtu.

Wanubi hawakukaa wakilia. Walikwenda kortini, na walipoona mambo yanazungushwa wakavuka mipaka. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa tangu iundwe, na uamuzi huo ulihusu watoto wa Kinubi wa Kenya. Kamati iliona kwamba Kenya ilikiuka haki yao ya kuwa na uraia na ikawabagua. Ikaeleza kwamba mtoto hawezi kuachwa akining'inia mpaka atimize miaka 18 ndipo aambiwe yeye ni wa nchi gani. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iliwapa ushindi katika kesi ya watu wazima, pamoja na suala la ardhi ya Kibera. Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, chama chao cha Nubian Rights Forum kilikuwa miongoni mwa walioipinga, na Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema mpango huo usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Kenya nzima ilifaidika na kesi hiyo, ingawa sidhani wengi walijua wamshukuru nani.

Kuna ushindi mwingine mdogo ambao hupaswi kudharauliwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Wanubi walihesabiwa kwa jina lao, badala ya kutupwa katika kapu la "Wakenya wengine". Walikuwa 15,463. Na eneo la bunge lilipoundwa upya kwa uchaguzi wa 2013, liliitwa Kibra, kwa tahajia ya Kinubi.

EKARI 288

Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati miliki ya jamii ya ekari 288 za Kibera. Wazee walivaa kanzu zao bora, akina mama wakajitanda gurbaba za rangi, ngoma ya doluka ikalia. Nani angewalaumu? Waliidai karatasi hiyo tangu wakati wa Mfalme.

Lakini tufanye hesabu. Ekari 288 kutoka 4,197 ni chini ya sehemu saba kwa kila mia. Juu ya ekari hizo wanaishi watu wengi wasio Wanubi, waliozaa na kulea watoto wao hapo. Hati hiyo imesema mwenye ardhi ni nani. Haikusema mpangaji aliyekaa miaka thelathini ni nani. Swali lililowasha moto mwaka 2001 halikujibiwa. Kwa mwanasiasa mwenye kipaza sauti na haja ya kura, kuni ziko tayari.

Kuhusu vitambulisho, Rais William Ruto alitangaza mwaka 2024 kwamba ukaguzi huo wa kibaguzi ungekomeshwa, na Februari 2025, akiwa Wajir, akatia saini tangazo rasmi la kuufuta. Wanubi si peke yao walioungoja siku hiyo. Wasomali wa Kenya waliungoja pia. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Washona walisubiri mpaka Desemba 2020, Wapemba wa Kilifi na Kwale mpaka 2023.

Tangazo la Rais, hata hivyo, si sheria ya Bunge. Rais mwingine aweza kulitangua kwa kalamu ile ile. Wanubi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu shamba pasi nayo ilitolewa na mkubwa kwa nia njema, na mkubwa aliyemfuata akasema haina uzito. Ndiyo maana katika Makina na Lindi familia nyingi zina mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati, mbali na mvua na panya. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, karatasi za jeshi za babu ikiwa zimesalia, na risiti za zamani. Watoto wadogo hufundishwa mfuko huo uko wapi, ili moto ukitokea wajue la kubeba.